Nyumba ya Sufu Isiyo na Msumari

Begimai alipoolewa kijijini kwetu, upande wa kusini wa ziwa Issyk-Kul, gari lililoleta vyombo vyake lilishusha magodoro kumi na mawili ya sufu, masanduku mawili, zulia moja na kompyuta. Magodoro yalisifiwa. Masanduku yalifunguliwa yakakaguliwa mpaka chini. Kompyuta ilitazamwa na wanawake wa mtaa mzima, kimya, mpaka Sonun, jirani wa mlango wa pili, akashindwa kuvumilia.

"Na hii nayo inafua?"

"Haifui, shangazi," Begimai akajibu, macho chini kama inavyompasa bibi harusi.

"Basi ina kazi gani?"

Mama mkwe wake, Burulcha, hakuuliza kitu. Aliifunika kompyuta kwa kitambaa cha tarizi kama mtu anavyofunika jambo la aibu, akawakaribisha wageni chakula.

Burulcha alikuwa mjane wa miaka hamsini na tisa, mwenye karakana ya bozui, zile nyumba za duara za wafugaji, zenye kiunzi cha mti ndani, nyavu za mti zikiwa ndizo kuta, na mavazi ya sufu nje, zinazokunjwa na kupakiwa mgongoni mwa farasi mifugo inapohama. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akipinda miti. Yeye alisimamia sufu, kamba na mapambo, na tangu mume afariki, miaka minne sasa, alisimamia kila kitu, pamoja na mafundi wanaume sita waliomwogopa kuliko baridi ya Januari.

Mkamwana na mavyaa waliishi vizuri, lakini vizuri kwa namna ya wageni wawili waliokutana hospitalini. Asubuhi Begimai aliinama kusalimu. Burulcha aliitikia. Begimai alimimina chai. Burulcha alitazama bakuli.

"Umejaza mno. Unanifukuza?"

"Samahani, mama."

Kwetu chai humiminwa kidogo kidogo, na anayejaza bakuli anamwambia mgeni wake ainuke aende. Kesho yake Begimai alimimina kidogo.

"Leo umeninyima."

Basi ikawa hivyo miezi minane. Tilek, mume wa Begimai, alifanya kazi Bishkek na kurudi Jumamosi. Kila alipouliza mambo yanakwendaje, wote wawili walimjibu, "Salama," kila mmoja akiwa chumba chake.

Alasiri moja ya mwezi wa Machi, theluji ikiwa bado mlangoni, Burulcha aliingia ndani kumwita mkamwana aje kusaidia kukunja kamba. Mikono yake ilikuwa imejaa nyuzi za sufu. Begimai, akidhani yuko peke yake, alikuwa ameketi mbele ya kompyuta akicheza gemu alilolipenda tangu chuoni, linaloitwa Malisho ya Juu. Ndani yake unafuga kondoo, unahama na majira, unapambana na mbwamwitu na upepo. Lilitengenezwa na vijana wanne wa nchi ya mbali ambao hawajawahi kukanyaga mlima hata mmoja wa kwetu.

Begimai aliruka kusimama. Lakini Burulcha hakumtazama yeye. Alikuwa ameinamia kioo, pua inakaribia kugusa.

"Kile ni nini?"

"Kipi, mama?"

"Kile kituko pale karibu na mto."

"Ile... ni bozui, mama."

"Bozui?" Burulcha akajifuta mikono kwenye aproni, polepole, kama mtu anayejiandaa kupigana. "Ile ni sufuria iliyopinduliwa! Duara la juu la kutolea moshi liko wapi? Wamo ndani wanakohoa, maskini! Na wanahamaje nayo?"

"Hawahami nayo, mama. Haiwezi kuhama. Ukitaka nyingine, unajenga upya."

"Unajenga kwa nini?"

Begimai alijua jibu lake halitapokelewa vizuri.

"Kwa matofali arobaini," akasema kwa sauti ndogo, "na misumari mia mbili."

Hapo, Begimai anasimulia, aliwasikia kondoo wa kwenye gemu wakitafuna.

"Misumari," Burulcha akasema.

"Ndiyo, mama."

"Miaka thelathini na minne nilikaa na mume fundi. Hakugongomea msumari hata mmoja kwenye bozui. Hata mmoja! Kila kiungo ni ngozi mbichi na fundo. Nani kaandika uchafu huu? Mpigie simu."

"Wako mbali, mama. Lakini hakuna haja ya kuwapigia. Naweza kulirekebisha mwenyewe."

Burulcha akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya harusi akamtazama mkamwana wake usoni, kwa kirefu.

"Wewe?"

"Mimi."

"Sogea nikae."

Begimai alifunga gemu, akafungua kabrasha lilikokaa, akatafuta faili moja refu lisilo na picha wala rangi, maandishi matupu. Alimweleza mavyaa wake kwamba kila kitu kilichomo kwenye gemu, kuanzia jiwe mpaka farasi, kimeandikwa humu mistari yake michache. Gemu likiwaka linasoma faili hili kwanza, na kila linachoambiwa humu linakiamini. Picha ya kitu inakaa kwingine. Humu mna tabia zake tu.

Akateremka mpaka kwenye bozui, akamtafsiria mstari mmoja mmoja:

Jina: bozui,
Aina: jengo,
Namba: 112,
Uzito: 9000,
Mahitaji: matofali 40, misumari 200,
Hubebeka: hapana,
Picha: kibanda_04

Burulcha alisikiliza, kisha akatoka chumbani. Begimai alidhani amekasirika. Alirudi na daftari lake la karakana, jalada limechakaa, akalifungua juu ya kibodi.

"Tazama. 'Bozui ya mteja wa Naryn. Ukubwa: nyavu sita. Fito za paa: themanini na tano. Duara la juu: moja, mti wa birchi. Sufu: vipande kumi na moja.' Si ndiyo haya haya?"

"Ndiyo haya haya, mama," Begimai akasema kwa mshangao. "Hili ndilo faili lako."

"Ila langu lina akili. Andika."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Kamba zilibaki karakanani bila kukunjwa.

Walinakili mistari ile chini yake, na katika nakala wakafuta matofali. Burulcha aliomba afute misumari kwa mkono wake, na alipoonyeshwa kitufe alikibonyeza kwa kidole cha shahada, herufi moja moja, akifurahia kila moja. Badala yake wakataja nyavu za mti, fito, duara, sufu na kamba. Lakini gemu halikuvijua vitu hivyo, kwa hiyo kila kimoja kililazimika kuandikiwa mistari yake. Begimai alinakili maelezo ya hema la wawindaji, ambalo tayari lilikuwa linabebeka, akaona mahali palipoandikwa "mzigo" badala ya "jengo," akalihamishia neno hilo kwenye bozui yao. Burulcha alisimama nyuma yake akitaja vipimo kama mtu anayekariri sala.

Wakawasha gemu. Kioo kikawa cheusi, kisha gemu likajifunga lenyewe.

"Limekufa?"

"Halijafa. Kuna kosa mahali."

Begimai alipitia faili mara mbili. Akaona kila kitu kiko sawa. Mara ya tatu kichwa kikaanza kumuuma. Burulcha alivaa miwani yake ya kushonea, akainama, akaanza kuteremka mstari kwa mstari, midomo ikicheza, vile vile anavyokagua tarizi ya wasichana wa karakanani.

"Hapa," akasema.

"Hapa pana nini, mama?"

"Mistari yote ina kamkia mwishoni. Huu hauna."

Begimai akatazama. Kweli: baada ya "fito 85" hakuna mkato. Akauweka. Gemu likafunguka, mlima ukatokea, na muziki wake.

"Mama, mimi nimesomea mambo haya miaka minne!"

"Na mimi nimehesabu mishono miaka arobaini," Burulcha akasema, na ingawa alijitahidi kukaza uso, haukukazika.

Wakaisimamisha bozui yao kando ya mto. Ilikaa vizuri kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Kisha upepo wa kwenye gemu ukavuma, mdogo tu, wa kupeperusha majani, na bozui ikainuka. Ikapanda juu ya kondoo, ikageuka mara moja hewani, ikaelekea ziwani. Mzee wa kwenye gemu, aliyekuwa ameketi ndani, alibaki amekaa vile vile chini ya anga tupu, bakuli la chai mkononi.

Begimai alijiziba mdomo. Mkamwana hacheki mbele ya mavyaa. Mabega yakaanza kumtikisika. Kisha akasikia kando yake sauti ambayo hakuwahi kuisikia katika nyumba ile, kama kuku anayefukuzwa bandani, na alipogeuka akamwona Burulcha ameshika meza kwa mikono miwili, machozi yanamtoka.

"Ameketi!" Burulcha akasema kwa shida. "Nyumba imekwenda, yeye ameketi!"

"Na chai yake, mama!"

"Hata haijamwagika!"

Walicheka mpaka Sonun akagonga ukuta wa upande wa pili kuuliza kama kuna msiba.

Walipotulia, Begimai alirudi kwenye faili. "Uzito. Mama, ulisema tatu na nusu."

"Ndiyo. Mizigo mitatu na nusu ya farasi. Bozui ya nyavu sita inabebwa na farasi watatu, na wa nne anabeba nusu, pamoja na vyombo."

"Gemu linahesabu kwa kilo. Ona, gunia la unga limeandikwa hamsini. Sisi tumeliambia bozui ina kilo tatu na nusu."

"Uzito wa bata mzinga!" Burulcha akapiga paja. "Na wewe hukuona ajabu?"

"Niliona."

"Mbona hukuniuliza?"

Begimai akatazama mikono yake. "Mkamwana anamuulizaje mama mkwe wake kama amekosea?"

Burulcha alivua miwani, akaifuta kwa pembe ya kitambaa chake cha kichwani, akaivaa tena.

"Nilipoolewa," akasema, "mavyaa wangu aliniambia nichemshe sufu kwa dakika tano. Nilijua ni nyingi. Nikachemsha. Sufu yote ya mwaka ule ikaharibika, na mimi nikapigwa ukimya wa miezi miwili. Niulize, mwanangu. Hata mbele za watu niulize. Kila farasi hubeba kilo mia. Andika mia tatu na hamsini."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mwanangu. Begimai aliandika 350, kisha akalazimika kuifuta na kuiandika tena kwa sababu vidole vilikosea.

Tangu siku ile, kila baada ya chakula cha mchana, kitambaa cha tarizi kilitolewa na wawili hao wakaketi bega kwa bega, sahani ya aprikoti kavu kati yao. Ugomvi haukuisha, ila sasa ulikuwa wa kelele. Walibishana unene wa kamba. Walibishana kama mlango uelekee mashariki au kusini. Begimai alichora picha mpya, na Burulcha akaikataa mara saba kwa sababu mpindo wa fito ulikuwa "kama goti la ngamia mgonjwa."

Makosa nayo yalikuwa na raha zake. Kila kitu kwenye faili kina namba yake, na Begimai, akiharakisha, aliliwekea duara la juu namba ambayo tayari ilikuwa na mwenyewe. Walipofungua gemu, mbwa wa mchungaji hayupo. Badala yake duara la mti lilikuwa likikimbia malishoni, linabweka, linawazunguka kondoo na kuwarudisha zizini.

"Liache," Burulcha akaomba. "Linafanya kazi kuliko mbwa wetu."

"Mama, haiwezekani."

"Siku moja tu!"

Likaachwa siku moja, na Sonun akaitwa kuja kuliona. Alikaa mpaka jioni.

Mwisho wa Machi kazi ilikwisha. Bozui ilisimama katika upepo mkali kabisa. Ilikunjwa, ikapakiwa juu ya farasi wanne, ikavushwa mlimani, ikasimamishwa upande wa pili. Moshi ulitoka juu, pale pale unapotakiwa kutoka. Kilichobaki ni mstari wa kwanza, wa jina, maana "bozui" ilikuwa bado ni ile ya zamani ya matofali, na yao ilihitaji jina lake.

"Iite jina la mzee wangu," Burulcha akasema.

Begimai akaweka mikono kwenye kibodi, kisha akaiondoa. Kwetu mkamwana hatamki jina la baba mkwe wake, awe hai au marehemu. Miezi yote ile alikuwa akisema "fundi" au "baba wa Tilek." Kuandika si kutamka, labda, lakini hakujua mpaka uko wapi, na safari hii aliuliza.

"Mama, niliandike?"

"Hapana," Burulcha akasema. "Hilo niachie mimi."

Akavuta kiti. Akatafuta herufi ya kwanza kwa muda mrefu, kidole kikizunguka juu ya kibodi kama mwewe. J. Kisha E. Mahali pa K alipitisha macho mara tatu, Begimai akatamani kumwonyesha, akajizuia. Herufi saba zilichukua muda wa kunywa bakuli la chai. Alipomaliza, mstari ulisomeka: Jina: bozui ya Jekshen.

"Umesahau kamkia, mama," Begimai akasema taratibu.

Burulcha akaweka mkato. Kisha akasema, macho yakiwa kwenye kioo, "Angeona, angesema fito zimepinda kidogo kushoto."

"Zimepinda?"

"Hazijapinda. Lakini angesema." Na akacheka, huku akijifuta shavu kwa kiganja.

Begimai aliliweka faili kwenye ukurasa ambako wachezaji wa gemu lile hubadilishana vitu walivyorekebisha. Aliandika maelezo mafupi: bozui ya kweli, inahama, haina msumari. Wiki ya kwanza walilichukua watu kumi na mmoja, na Burulcha alitaka kujua majina yao wote na wazazi wao ni nani. Wiki ya tatu walipita elfu mbili. Mtu mmoja alilalamika kwamba kuisimamisha kunachukua muda mrefu mno. Burulcha akaagiza ajibiwe neno kwa neno: "Tafuta wasaidizi, mvivu wewe."

Kisha ikaja barua kutoka kwa wale vijana wanne wenyewe. Waliomba radhi kuhusu misumari. Waliuliza kama wanaruhusiwa kuondoa bozui yao kabisa na kuweka ya Jekshen, katika gemu lenyewe, kwa kila mchezaji duniani, na majina ya wote wawili yaandikwe mwishoni. Na kama hawatachoka, je, wangependa kupitia na vitu vingine vya kifugaji? Kwa sababu sasa walikuwa na wasiwasi.

Begimai aliitafsiri barua kwa sauti, akisimama kila sentensi kuvuta pumzi. Burulcha aliisikiliza mpaka mwisho akiwa wima, mikono tumboni, kama anayesomewa tuzo ya serikali. Akatoka mpaka uani, akawaambia mafundi sita waache kazi wale nyama leo, akarudi.

"Vitu vingine vingapi?"

"Mia moja na arobaini, mama. Matandiko, masanduku, viriba vya maziwa, mifugo..."

"Wameandika kiriba kina uzito gani?"

"Kilo mbili."

"Kikiwa kitupu au kimejaa?"

"Hawajasema."

"Unaona? Leta mizani."

Jumamosi ile Tilek alirudi kutoka Bishkek na mfuko wa machungwa. Kwa kawaida alikuta meza imeandaliwa, mke jikoni, mama karakanani, kila mtu salama. Safari hii hakuna aliyempokea. Sanduku la harusi la mama yake lilikuwa katikati ya sebule juu ya mizani ya karakana, likizungukwa na tandiko, sufuria kubwa ya chuma, viriba viwili na kitanda kidogo cha mbao alicholazwa yeye mwenyewe alipokuwa mchanga. Mkewe alikuwa amepiga magoti na daftari. Mama yake alikuwa akimfokea.

"Ishirini na sita na nusu! Soma vizuri!"

"Mama, ni ishirini na saba, njoo uone mwenyewe, umeegemea kifuniko!"

Tilek alisimama mlangoni, rangi imemtoka. Mkewe alikuwa amempandishia mama yake sauti. Alisubiri mbingu ianguke.

Burulcha akainama akaangalia. "Ishirini na saba," akakubali. "Nilikuwa nimeegemea."

"Nimerudi," Tilek akasema.

"Vizuri," mama yake akajibu bila kugeuka. "Hujavua viatu? Usivue. Nenda zizini ulete yule dume mkubwa mweusi."

"Dume la kondoo? Ndani?"

"Uani. Mizani tunaitoa nje."

"Kuna nini? Tunachinja? Nani anakuja?"

"Hakuna anayechinja," Begimai akasema, akiinuka na kalamu sikioni. "Wameandika kondoo dume ana kilo arobaini. Arobaini! Wa kwetu huyu?"

"Ni matusi," Burulcha akasema.

Tilek akaweka machungwa chini. Kondoo hakutaka kusimama juu ya mizani, alipiga mateke, akavunja ndoo. Mwishowe ilibidi Tilek mwenyewe apande mizani akiwa amembeba kifuani, miguu minne ikining'inia, pembe chini ya kidevu chake, huku Sonun akichungulia juu ya ukuta na mafundi wote sita wakitoa ushauri.

"Simama wima!" mama yake akapiga kelele. "Usipumue!"

"Mia moja sitini na moja!" Begimai akasoma, akicheka mpaka kalamu ikamdondoka. "Sasa mshushe, tukupime wewe peke yako tutoe."

"Haraka," Tilek akasema kutoka ndani ya sufu.

Alimshusha. Dume alitembea hatua tatu, akajikung'uta, akaenda kula machungwa. Tilek peke yake alikuwa na kilo sabini na nne. Begimai akatoa hesabu, akaandika themanini na saba, na mwishoni mwa mstari akaweka mkato.